Papa, Nilikuwa na Miaka Kumi na Mitano

Papa,

Siku ya tatu ya matanga walinisimamisha niseme neno, kwa kuwa mimi ndimi mtoto wako wa kwanza. Kiwanja chetu cha mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, kilijaa viti mpaka barabarani. Wengi walikuwa wamekwisha kusema: kwamba uliwakusanya watoto wa mtaa ukawafundisha kuogelea, kwamba hukuchoka, kwamba ulikuwa mtu wa ukweli. Hilo la mwisho lilisemwa na katekista, na watu wakaitikia. Nami nikasema, "Papa alinifundisha kuogelea," nikarudi kukaa. Walidhani kilio kimenizidi. Nilikuwa nimeuma ulimi, kwa ajili ya Mama tu.

Na ni kweli ulinifundisha. Nilikuwa na miaka sita. Ulinifunga bidoni, dumu tupu la mafuta, kifuani, ukaingia ziwani mbele yangu, na kila nilipokukaribia ulirudi nyuma hatua moja. "Usipigane na maji," ulisema. "Maji haikuchukii." Asubuhi ile nilikuamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu yeyote tangu hapo. Nayakumbuka haya bila kulazimishwa, na ndiyo yanayonichoma.

Timu yetu haikuwa na bwawa. Ulivuta kamba ya mita hamsini kati ya mitumbwi miwili, nasi tukajifunza kugeuka kwa kugusa ubavu wa mtumbwi, huku mvuvi mmoja akiushika usiyumbe na kulalamika kwamba tunamfukuzia samaki wake wadogo, sambaza. Tulikuwa watoto wanane. Nadine wa mtaa wa Kadutu ndiye aliyekuwa na kasi kutupita sote, naye alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa na miwani moja ya maji, yeye na mimi. Mmoja akitoka anamvalisha mwenzake.

Kisha ikaja habari ya mashindano ya vijana ya kanda, Bujumbura. Juma moja kabla ya safari uliniita mezani ulipokuwa ukijaza karatasi.

"Hapa uko na miaka kumi na tatu," ulisema.

"Lakini niko na kumi na tano, Papa."

"Kule uko na kumi na tatu, utaogelea na badogo. Uko mufupi, hakuna mwenye atajua. Bakikuuliza, unasema vile. Tukirudi bila medali, hakuna mwenye atatuangalia tena."

Nikasema ndiyo. Sikuwahi kukukatalia kitu.

Ile safari ya basi, kushuka milima ya Nyangezi mpaka tambarare ya Kamanyola, tuliimba njia nzima. Wewe ulikaa nyuma na filimbi yako shingoni, ukipokea nyimbo. Nadhani hiyo ndiyo siku ya mwisho tuliyokuwa na furaha pamoja.

Maji ya bwawa yalikuwa ya uvuguvugu, na chini kulikuwa na mstari mweusi. Sikuwahi kuona chini ya maji ninayoogelea. Msichana wa njia ya pili alikuwa na mabega kama ya kuku, na kofia yake ilimshuka mpaka kwenye nyusi. Nilimwacha mbali sana. Nilipogusa ukuta na kugeuka, bado alikuwa anakuja, peke yake, akipiga maji kwa nguvu zake zote, na watu wakimpigia makofi ya huruma. Nilitamani kuzama. Wewe uliniinua kutoka majini, shati lako likaloa lote.

Mwanamke aliyetuvalisha medali aliniuliza kwa upole, "Unasoma mwaka wa ngapi, mama?"

"Wa tatu wa sekondari," nikajibu. Nilijivunia, maana ndio kwanza nimepanda.

Ulikuwa umenifundisha umri, Papa. Darasa hukunifundisha.

Mwanamke yule alikwenda kwenye meza ya wasimamizi, wakatoa karatasi, wakakuita, kisha wakaniita mimi. Nilisimama pale nikitiririka maji. Mmoja alikuuliza ni nani aliyeandika tarehe ile ya kuzaliwa. Nilikutazama. Nilikuwa tayari kwa lolote ambalo ungesema, isipokuwa lile ulilosema.

"Hata mimi nashangaa," uliwaambia. "Yeye njo alileta karatasi." Kisha ukanigeukia. "Juu ya nini ulinidanganya?"

Ungenipiga kofi ningelisahau. Sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Niliinamisha kichwa, kwa sababu Mama alitulea tukijua kwamba mzazi havuliwi nguo mbele ya watu. Wakaandika kwamba nimekiri. Walinivua medali na kuifuta timu yote. Nadine alikuwa amekwisha kuvaa kwa ajili ya fainali ya kupokezana, amesimama ukingoni akizungusha mikono, alipoambiwa avae nguo zake arudi nyumbani.

Kwenye basi hakuna aliyekaa karibu nami. Tuliposimama Nyangezi uliwanunulia watoto mahindi ya kuchoma, ukanipa langu mwishoni, ukasema chini chini, "Itapita." Halafu, tulipofika Bukavu, ulinitoa kwenye timu mbele ya wazazi wote, ili waone kwamba hata mtoto wako humwonei haya. Walikusifu. Mimi nikapewa jina, Treize, yaani Kumi na Tatu. Nimeolewa, nimezaa, na bado kuna mama mmoja sokoni anayeniita Treize bila kujua lilitoka wapi.

Ulipolazwa, nilikuosha mimi. Miezi miwili, Papa. Nilikugeuza, nilikulisha uji kwa kijiko, na kila siku nilingoja. Alasiri moja uliwaomba wengine watoke, ukanishika mkono, nami nikajua saa imefika. Ulivuta pumzi muda mrefu. Ukasema, "Muangalie paa ya jikoni, inavuja." Ukafumba macho ukalala. Nilicheka peke yangu kwenye korido mpaka muuguzi akaja kuniuliza nina nini.

Baada ya maziko nilimtafuta Nadine. Anauza vitenge Kadutu. Tulikuwa hatujazungumza tangu Bujumbura. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kabla sijapoteza ujasiri. Aliendelea kukunja kitenge mpaka nikamaliza.

"Tulikuwa tunajua," alisema. "Tangu mu bisi ya kurudi tulikuwa tunajua. Nani asiyejua kama Papa yako njo alijazaka makaratasi yetu yote?"

"Sasa juu ya nini mulinitupa?"

"Juu ulinyamaza. Tulikuwa tunangoja useme, tukusimamie. Hukusema. Ukamuacha abapigie watoto filimbi miaka yote ile, na shiye wote tunamuita kocha." Aliweka kitenge juu ya vingine. "Mimi niliacha kuogelea mwaka ule ule. Ulijua?"

Sikujua. Nilidhani nimekulinda wewe peke yako, kwa hasara yangu peke yangu. Sasa najua nimemlipisha na yeye, na sijui nimweleze nini. Hilo nalo nakuwekea wewe, kisha usiku nalichukua tena, maana sehemu yake ni yangu.

Sijakusamehe. Padri anasema nitafika huko, nami sibishani naye. Natengeneza paa la jikoni, kwa sababu Mama anapika chini yake.

Jumapili hii, baada ya misa, Nadine atawaleta wale wenzetu waliobaki mjini. Mama atakuwepo pia, nimemwomba mwenyewe. Nitasimama niwaeleze ni nani aliyeandika tarehe ile, na nitalitaja jina lako. Ninakuarifu mapema, Papa, ili usikutwe umesimama bila kujua. Mimi hukuniarifu.

Lala.

Mtoto wako wa kwanza