Mama Alinificha Ruhusa ya Daktari Miaka Kumi na Tisa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamtolea mama yangu maneno ambayo sitaweza kuyarudisha, maana leo ni siku ya kumi na moja tunaishi nyumba moja na hatusemezani, yeye anaacha chakula mezani, mimi nakipita naingia chumbani, na nikisikia tu kandambili zake kwenye korido damu inanichemka.

Mimi ni mshonaji, nina miaka thelathini na mitatu, na nyumbani wananiita Yai. Nilizaliwa na moyo wenye tundu na mshipa uliobana wa kwenda kwenye mapafu, nikilia midomo inageuka rangi ya wino, nikapasuliwa nikiwa na miaka minne na kovu ninalo mpaka leo. Tangu hapo sijawahi kukimbia, mshauri, sijawahi kuruka kamba, shuleni kipindi cha michezo nilikuwa nakaa kivulini nalinda viatu vya wenzangu, na mpaka leo nikitoka kazini mama ananishika kiganja anahesabu mapigo huku anaangalia saa ya ukutani, mbele ya wageni, mbele ya mwanamume aliyekuja kuniposa na hakurudi tena. Kliniki ya moyo tunakwenda wote, yeye ndiye anayebeba faili, daktari akiniuliza najisikiaje anayejibu ni yeye.

Mwaka huu mama akateguka kifundo cha mguu, nikaenda peke yangu. Daktari, mama mmoja asiye na mzaha, akaniuliza nafanya mazoezi gani, nikacheka, nikamwambia mimi nimekatazwa, akauliza, 'Nani kakukataza?' Akafungua kumbukumbu zao akanionyesha nakala ya barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu wangu, iliandikwa nikiwa na miaka kumi na minne, inasema naruhusiwa kucheza na wenzangu, nikichoka nipumzike. Barua hiyo alikabidhiwa mama aipeleke shuleni. Mshauri, nililia mpaka pua ikaziba. Akanipandisha kwenye mashine ya kutembelea, barakoa usoni na nyaya kifuani, dakika ya sita nikaishiwa pumzi, akaniambia moyo ulirekebishwa vizuri, kinachoniangusha zaidi ni mwili ambao haujawahi kutumwa kazi, eti pumzi yangu ni ya mtu wa miaka sitini na tano. Akanipangia nitembee haraka kila siku, mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba, niongeze kidogo kidogo, nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilianza na dakika saba, nikafika ishirini na tano, nikaanza kupata usingizi wa maana. Sasa kazini kwetu tunashona sare, mimi mwaka wa tisa niko kwenye vifungo, na mkataji wetu anastaafu mwisho wa mwezi, bosi akanichagua mimi nichukue meza ya kukatia, kazi ya kusimama kutwa na kusukuma majora ya kitambaa. Nikamwambia mama kwa furaha, mjinga mimi. Kesho yake akaja karakana anachechemea, akalia mbele ya wenzangu wote, akamwambia bosi, 'Huyu moyo wake ni wa kuazima, akikufia hapa utanieleza nini?' Bosi akanigeukia, 'Dada, kaa tu na vifungo vyako, mimi sitaki maiti kazini.' Watu wakainamia cherehani zao kama hawakusikia.

Nikapandwa na wazimu. Nikatoka nikazikimbia ngazi za jengo, ghorofa nne, kupanda na kushuka, ili wote wanione, na mara ya tatu moyo ukaanza kupiga ovyo, macho yakaingia giza, nikakaa kwenye ngazi nikajifanya nafunga kiatu mpaka ukatulia. Hilo sijamwambia mtu, na kliniki sitaki hata kuiona, nikiwaambia watanifungia tena. Jioni nikamuuliza mama kuhusu ile barua, akanijibu bila haya, 'Niliisoma nikaichana. Huyo daktari hakuwepo ulipokuwa unazimika mikononi mwangu.' Nimeshapata chumba, nataka nihame akiwa sokoni, nibadilishe namba ya simu, asijue nilipo. Je, nitakuwa nimekosea?

Ni mimi, Yai

MSHAURI ANAJIBU

Yai, hasira yako nimeipokea na nimeongeza na yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeisukuma mbali na kuinuka kwenye kiti.

Sitamung'unya maneno. Mama yako amekukosea, na si kosa la bahati mbaya. Alipewa karatasi yenye jina lako, akaamua peke yake kwamba hutaijua. Mtoto wa miaka kumi na minne akaachwa kivulini na viatu vya wenzake wakati daktari alishasema acheze. Na huyo bosi wako naye hana adabu. Mtu mzima haambiwi habari za maiti mbele ya wenzake kwa sababu mama yake amelia.

Sasa usiinuke, zamu yako imefika. Una miaka thelathini na mitatu na hujawahi kubeba faili lako mwenyewe? Unashona sare za watu wazima, unasimamia kazi yako, halafu ukifika mbele ya daktari mdomo unamwachia mama? Hapo umesaidia kujifunga, dada yangu.

Na zile ngazi! Nimekasirika zaidi hapo kuliko kwenye karatasi iliyochanwa. Daktari alikupa mazoezi kama dawa, na dawa hainywewi chupa nzima ili kumkomoa mtu. Moyo uliopasuliwa utotoni unaweza kuvuruga mdundo wake ukubwani hata kama ulirekebishwa vizuri, ndiyo maana unaitwa kliniki maisha yako yote. Ulipoona giza pale ulikuwa unahitaji msaada, wewe ukashika kamba za kiatu. Unamlaumu mama kwa kukuficha neno la daktari, na wewe unamficha daktari wako yaliyokupata. Siku kumi na moja!

Ukimaliza kusoma hapa, piga simu kliniki. Waambie mapigo yalikwenda ovyo na macho yakaingia giza, ulikuwa unafanya nini, na yalichukua muda gani. Mpaka wakupime usikimbie popote, na hata kutembea waulize kwanza. Yakirudi tena, au ukizimia, au kifua kikibana, usisubiri miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hawatakufungia kwa kusema ukweli. Watakachofanya ni kukupima upya na kukuambia mwendo unaokufaa wewe, maana anayepaswa kukupangia ni anayeujua moyo wako, si mama, si bosi, wala si mimi ninayeandika gazetini.

Siku ya kupimwa mchukue mama. Ndiyo, mchukue, mguu wake unaochechemea na yote. Asimame kando ya mashine akuone unatembea na barakoa, aone watu wanaangalia mapigo kwenye skrini, pengine ataacha kuyahesabu kwa saa ya ukutani. Kuongea utaongea wewe. Akifungua mdomo, mwambie, 'Mama, nimeulizwa mimi.' Muulize daktari waziwazi kuhusu kusimama kutwa na kusukuma majora, na akikubali aandike, barua uipeleke kwa bosi kwa mkono wako kabla mwezi haujaisha. Akisema meza hiyo haikufai kwa sasa, utalia, utarudi kwenye vifungo, na utaendelea na mazoezi atakayokupa. Itauma, lakini angalau jibu litakuwa la moyo wako na si la woga wa mtu mwingine.

Kuhama, hama. Umechelewa hata. Lakini usitoroke kama mwizi mama akiwa sokoni. Funga mizigo yako mchana akiona, mwambie unakokwenda, mwachie namba ileile ya simu, na mwambie kiganja hakishikwi tena bila ruhusa.

Na wewe mama, najua gazeti hili binti yako ataliacha mezani makusudi. Ulimshika mtoto akizimika, na mtu aliyeona hayo sitamcheka kwa kuogopa. Ila kwa kuchana ile barua sikusamehe, na binti yako halazimiki kukusamehe upesi. Muombe radhi. Halafu daktari akishaandika, rudi karakana ileile, mbele ya watu walewale, umwambie bosi kwamba ulisema usilolijua. Na safari hii usilie.