Mkubwa Amefunga Vidole

Jumatatu, 3 Februari 2025

Asubuhi kavu, upepo wa vumbi kutoka upande wa Oldonyiro. Saa moja tu na ukuta wa sebule tayari una joto.

Mkubwa, tumbawe langu, hajafungua vidole. Siku ya tisa leo! Matumbawe madogo mawili yalikufa wiki jana nikayatoa, kwa hiyo kwenye tangi amebaki yeye na samaki wawili wa rangi ya machungwa. Nilimnunua Nairobi akiwa kama kifungo cha koti, kipande kilichokuzwa kwenye shamba la matumbawe, na cheti chake. Sasa ni mpana kuliko kiganja changu—ama alikuwa. Pembeni amejikunja na ile kijani yake inageuka kuwa kama chai.

Naandika makubaliano hapa nisije nikayageuza. Mama yake Bedan, mume wangu, anahamia kwetu mwisho wa mwezi. Kitanda chake kinatoshea mahali pamoja tu, hapo penye tangi. Bedan alisema Mkubwa akiwa hai tutatafuta njia nyingine. Akifa, tangi linaenda. Nilikubali kwa mdomo wangu. Ni haki. Lakini sitaki!

Mpango: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuandika. Leo joto. Maji yalikuwa digrii 29. Nimeelekeza feni juu ya tangi. Saa kumi na mbili jioni: 26.5. Vizuri. Ila feni inakausha maji—lita saba zimepotea kwa siku moja. Nimejazia kutoka kwa mtungi.

Jumanne, 4 Februari

Mawingu machache, ya uongo. Tangi 26.4. Vidole bado.

Leo vipimo. Chumvi sawa. Matone na kadi za rangi, zote sawa. Nimerudia mlangoni kwenye mwanga wa jua maana rangi za ndani hudanganya. Sawa tena! Mgonjwa mwenye majibu safi ya maabara.

Isnino wa mlango wa pili alichungulia. Huyu anauza maziwa ya ngamia, na alikuwa amebeba mitungi yake. Akauliza kama mtu wangu bado amenuna. Nikasema bado. Akasema hata ngamia akihamishwa malisho hugoma siku mbili tatu, nimwache.

Isnino ni mtu mzuri sana. Mitungi yangu ya plastiki ilipopasuka kwa jua mwezi uliopita alinipa yake miwili. Na nikiimaliza naiacha uani. Hunioshea pamoja na yake, mimi kazi yangu ni kuijaza tu kwenye duka la maji ya kuchujwa. Majirani kama hawa hawanunuliwi.

Alhamisi, 6 Februari

Jua tangu saa kumi na mbili na nusu. Jana stima ilipotea kwa saa tatu, nikakaa na ile pampu ya betri, sikuandika.

Mkubwa amepungua. Nimepima kwa rula juu ya kioo: sentimita tisa. Jumatatu zilikuwa kumi na moja.

Nilimweleza Kiambi, mwenye agrovet, duka la dawa za mifugo ninakofanya kazi. Akauliza, "Sasa hiyo kitu ni mmea ama ni mnyama?" Nikasema ni mnyama. "Ako na mdomo?" Anao, mingi. "Basi leta hapa tumpe dawa ya minyoo!" Wateja wawili kutoka Kipsing walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Mimi pia nilicheka. Halafu mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama huyo mnyama anakamuliwa.

Leo nimebadilisha taa: saa sita kwa siku badala ya tisa.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi baridi kidogo, umande kwenye kamba ya nguo. Ajabu kwa mwezi wa pili.

Taa haikusaidia. Nimebadilisha robo ya maji. Maji mapya ya mtungi, chumvi ya bahari ya pakiti, nikakoroga tangu jana usiku, joto sawa, chumvi sawa. Kila kitu kwa kitabu. Hii lazima imsaidie.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi safi, mlima unaonekana wote. Sikuwa na moyo wa kuutazama.

Mkubwa ni mbaya zaidi! Ute wa kahawia umemfunika nusu. Sentimita nane. Yaani maji mapya ndiyo yaliyomzidishia ugonjwa. Nilikaa na daftari nikisoma nyuma: nikijazia, anakunja. Nikibadilisha, anakunja sana. Lakini maji ni yale yale ya duka ninayotumia mwaka wa pili!

Saa sita Bedan akafika na lori kutoka Moyale, vumbi mpaka kwenye kope. Hakusalimia, akachota kikombe kwenye mtungi wangu, akanywa, akasimama. Akauliza kama haya maji yamelala kwa boma ya ngamia.

Nikamwambia aache mzaha.

"Karwitha, onja."

Nikaonja. Moshi! Plot yetu yote inanuka moshi wa mitungi ya Isnino, nguo, mapazia, hata mimi—Kiambi huniita Mama Moshi. Nilikuwa nimeacha kuusikia. Ilihitaji mtu wa kutoka nje.

Nikatoka mbio na mtungi mkononi. Isnino alikuwa amechuchumaa uani, kijinga kilichozimwa, bado kinafuka, ndani ya mtungi, anatikisa, anafunga mfuniko moshi ukae. Vile wanavyofanya kwa maziwa yasiharibike njiani. Mtungi wangu mwingine ulikuwa kwenye foleni.

Nikauliza kama hata yangu huifukiza.

"Sasa abaayo, nikurudishie mtungi mchafu? Wewe ni dada yangu. Yako huwa naifukiza mara mbili!"

Mara mbili!

Nilimweleza polepole. Maji yanaramba moshi kutoka kwa plastiki, mimi nayamwaga kwa tangi, kila siku lita sita, saba. Uso ukamshuka. Akasema, "Kwa hivyo ni mimi nimemuua." Nikasema hajafa, na mwenye makosa ni mimi: nilipima kila kitu ndani ya tangi, mtungi sikuunusa hata siku moja. Akafuta mikono kwenye dirac, lile gauni lake refu. Halafu akasema ni mnyama gani huyu asiyependa moshi, wazazi wake walimlea vipi. Nikajua tutabaki marafiki.

Kiambi amenifungulia duka. Nimechukua mkaa wa dawa, ule wa punje tunaouza mbuzi wakila sumu. Nimeusuuza, nimeujaza kwenye soksi mpya ya Bedan, soksi iko ndani ya chujio. Moshi kutolewa na mkaa! Bedan ameenda kwenye duka la maji na kuleta chupa sita kubwa zilizofungwa.

Jumapili, 9 Februari

Niliamka saa kumi alfajiri, nyota zote ziko, hakuna upepo.

Nikakoroga chumvi kwenye beseni mbili mpya za Isnino. Ameapa hazijaona hata kiberiti. Kanisani sikuenda. Kufikia saa nne nilikuwa nimebadilisha nusu ya maji.

Saa tano ngozi ya Mkubwa ikaanza kubanduka. Vipande vyembamba, kama karatasi iliyolowa. Nikapiga picha, nikatuma kwa lile kundi letu la simu la wafuga matumbawe. Fundi mmoja wa Mombasa akajibu: ama anajivua ngozi ya zamani, na hiyo ni afya, ama anaoza. Kwa macho huwezi kujua siku ya kwanza. Anayeoza hunuka.

Nimenusa. Bahari tu. Lakini pua yangu tumeshaijua! Nikamwita Bedan. Akainama, akanusa kwa muda mrefu, akasema hajui, tangi halijawahi kunukia kama waridi. Halafu nikamwona kwenye koridoo na utepe wa kupimia, anapima ukuta wa upande wa jikoni, upana kama wa tangi. Nikauliza ni nini. Akasema anapima tu.

Isnino amekuja na kigoda, amekiweka mbele ya kioo na kuniamuru nilale, maana ngamia anayezaa hatazamwi na mtu anayesinzia. Akauliza, Mkubwa akifungua hata kidole kimoja aniamshe? Nikasema ndiyo.

"Na akianza kunuka?"

Nikasema pia.

Nimetandika mkeka hapa hapa sebuleni. Nalala saa saba na dakika ishirini mchana.