Chipu ya Miguu Minane

4 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo ya kujikokota. Kifua hakinipi nafasi. Kuna jambo nimekuficha, na sitaki kuondoka nalo. Ile amplifaya yako ya betri, uliyoniachia niisikilize kabla hujaipeleka kwa mwenye duka la redio, niliifungua. Niling'oa ile chipu ya miguu minane uliyoichagua, nikalehemu yangu. Yako haikuwa na besi, ule mlio mzito wa chini. Nimefundisha umeme maisha yangu yote. Ningekaaje kimya mtoto wangu akaaibike?

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na kifua. Adabu yangu inaishia hapo.

Kumbe ni wewe! Mwenye duka alipandisha besi mbele ya wateja, spika ikakoroma kama mlevi. Akaniambia, "Dada, rudi ukaoshe vyombo." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo kibanda changu cha ufundi nimekifunga.

Chipu yako inataka volti nyingi. Kwa betri ya volti tisa, ukiongeza besi kidogo tu inaishiwa pumzi. Yangu inatosheka na betri hiyo. Ndiyo maana niliichagua. Nilikueleza hayo yote mezani, nawe ukatikisa kichwa, "Naam, naam." Besi yake majirani waliisikia ukutani! Ni wewe tu hukuisikia. Kwa nini, Baba? Na usinijibu kwa somo. Sitakanyaga huko kwako mpaka uniambie kweli.

Mwanao

19 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sasa ni wa kitandani, uvumilie mwandiko.

Nimeshinda na hasira. Ukaoshe vyombo! Ningekuwa na miguu, ningemfuata huyo mjinga dukani kwake. Halafu nakumbuka aliyempa mdomo ni mimi, hasira inarudi nyumbani.

Uliyosema ni sawa. Chipu yangu ilikoroma, na hicho ndicho nilichokipenda: kasha zima lilitetemeka mikononi mwangu. Yako ilitulia, nikadhani imekufa. Wanafunzi wangu ningewachapa kwa kosa kama hilo.

Pale mezani sikukudharau. Nilikuwa nakimbizana na midomo yako, nikachoka, nikasema naam.

Amplifaya yako niliipima kwa kiganja. Sisikii, mwanangu. Tangu mama yako afariki sijasikia besi, wala sauti yako.

Baba yako