Usigeuke, Limi

Mayu,

Mwadila mayu, shikamoo mama yangu. Najua ungetaka salamu zote kwanza mpaka mwisho, uulize na mbuzi wa jirani wameamkaje, ndipo uniruhusu niseme langu. Basi, sisi tu wazima. Mvua imechelewa. Paa la jikoni linavuja palepale ulipokuwa unaweka sufuria, na yule jogoo wako mkorofi tulimchinja siku ya kuanua matanga. Nisamehe. Alikuwa mgumu kweli, kama ulivyokuwa ukisema.

Nakuandikia kwa sababu akina mama wa kanisani wamenipa somo la Jumapili hii. Walinizunguka pale kwenye cherehani yangu sokoni wakasema, Limi, mama yako alikuwa mwenyekiti wetu, sasa lichukue somo lake. Na somo lenyewe ni Mke wa Lutu. Nilitaka kuwaambia wanipe jingine lolote, hata zile sura za majina matupu ya ukoo wa fulani na fulani. Sikuweza. Walipoondoka nikashona mkono wa kulia wa gauni mahali pa mkono wa kushoto, na mwenye gauni akaona.

Hakuna mtu Bariadi hii aliyelifundisha somo hilo kama wewe. Uliwaeleza jinsi malaika walivyowashika mkono Lutu na mkewe na binti zao, wakawatoa Sodoma kabla moto haujashuka, wakawaonya wasitazame nyuma. Yule mwanamke akageuka, papo hapo akawa nguzo ya chumvi. Hapo ndipo ulipokuwa unagonga meza. "Mungu hatanii!" Watoto waliolala migongoni mwa mama zao waliamka, kanisa zima kilio. Mwinjilisti wetu aliniambia kwamba siku moja hata yeye alitoka pale ameikaza shingo kama mtu mwenye jipu.

Nyumbani tuliishi ndani ya somo hilo. Ukishatoka mlangoni, umetoka. Pasaka ile ulisahau miwani, hatujafika hata kwa jirani, ukakataa katakata kurudi. Ukasimama mbele ya watu ukasoma kwa kukisia, ukamwita Farao Filipo. Nilikucheka wiki nzima. Sikuwa nafikiria kwamba mtu wa kwanza uliyemkataza kugeuka alikuwa mimi.

Nilikuwa mdogo, lakini ya Nkoma, kijijini kwa baba, ninayo. Baba alikuwa amefariki, na ukoo wake ukataka urithiwe na mdogo wake, mwanamume ambaye fimbo yake ilijulikana na kila mtu pale. Ukakataa. Wakakuambia unaweza kwenda zako, ila ng'ombe wa mahari walitoka kwao, kwa hiyo watoto ni wa kwao. Kabula, dada yangu, alikuwa analala kwa bibi mzaa baba, na bibi hakumwacha hata dakika. Kumchukua yeye ilikuwa sawa na kuliamsha boma zima. Ukangoja siku ya mnada. Ukasema unakwenda mnadani, ukachukua kikapu kitupu, ukanishika mkono tukaondoka mchana kweupe.

Tulipokaribia barabara, lori la pamba likiwa linawasha injini, nikasikia sauti nyuma. "Mayu! Mayu weee!" Ilikuwa sauti ya Kabula. Nikataka kugeuka. Ulinibana vidole mpaka vikauma, ukasema, "Usigeuke, Limi. Mke wa Lutu aligeuka." Utingo akatupandisha juu ya magunia ya pamba, ukanilaza kifudifudi, ukaniwekea mkono kichwani. Hukugeuka mpaka Bariadi.

Baada ya hapo Kabula hakutajwa nyumbani kwetu. Siku moja mwanamke wa Nkoma alikuja kununua mchele kwako, akasema bila kujua anasema na nani kwamba yule binti aliyebaki ameolewa, na harusi ilikuwa nzuri. Ulimpimia mchele wake. Akaondoka, ukaanza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa, na ulipomaliza ukaanza tena. Baadaye baba mdogo naye akafa, na hakuna aliyekuja kudai mtoto wala ng'ombe. Hofu ilikuwa imepoteza sababu yake, lakini uliendelea kuilisha. Nami nikala katika sahani hiyohiyo. Nkoma ni mahali pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, mayu. Mtu anaenda kule kuuza mafuta ya taa akarudi kula nyumbani.

Hospitalini, siku zako za mwisho, ulikuwa unaniita Kabula. Uliniuliza kama nimekunywa uji. Nikasema nimekunywa. Ukaomba ulazwe upande wa mlangoni, nasi tukadhani ni maumivu ya ubavu. Ulitazama mlango ule mpaka ulipoondoka, na mimi niliyejua jina ulilokuwa unaliita nilikaa pale nimeshika kikombe. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Basi wiki iliyopita nikaifungua Biblia yako nitayarishe somo. Nilisoma sura yote polepole, kama ninavyofumua nguo iliyoshonwa na fundi mwingine. Kuna mambo hukutuambia, mayu. Hukutuambia kwamba Lutu mwenyewe alisitasita mpaka akakokotwa mkono, na hakuadhibiwa. Hukutuambia kwamba asubuhi ile Ibrahimu alisimama mbali akautazama moshi wa mji ule, na hakuna kilichompata. Kuna na wale wakwe waliodhani Lutu anatania, wakabaki mjini. Nilipoona neno wakwe nikashtuka, nikamwuliza mwinjilisti kama kulikuwa na binti wengine walioachwa. Akasema hapana, hao walikuwa wachumba tu wa wale binti wawili. Huenda. Yeye amesomea.

Ila habari ya yule mama ni mstari mmoja, mfupi, hauna hata jina lake. Imeandikwa kwamba alitazama nyuma. Haikuandikwa alikuwa anatafuta nini. Ni sisi tuliomjazia: ati alitamani vyombo vyake, ati alipenda anasa za mjini. Wewe ulisema alikuwa mkaidi. Nikiwa nimekaa pale, likanijia jambo ambalo halijawahi kupita kichwani mwangu. Je, kama alisikia anaitwa?

Nikaifunga Biblia nikalia. Kwa hasira, nisikufiche. Hasira juu yako na hasira juu ya Mungu, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa rahisi kuisema, maana yeye nimezoea kumwomba na wewe nimezoea kukuogopa. Mtu ameokolewa motoni, ameachwa aje aangamie kwa shingo! Nilimwuliza Mungu kama hakuwa na mama wa kumshauri. Hilo usilirudie huko uliko.

Asubuhi nikafunga cherehani, nikaenda Nkoma.

Nilimkuta Kabula kizizini anawapondea ng'ombe chumvi. Amekuwa mnene, mayu, na ana sauti yako. Nilisema mwadila, akaniangalia, akasema, "Hilo paji la uso ni la mayu." Kisha akanipa ndoo ya chumvi nimshikie, akaendelea na kazi. Nikashika. Ng'ombe wananisukuma huku na huku na viatu vyangu vya mjini, naye haharakishi. Habari za kifo chako zilimfikia kwa wapita njia, umeshazikwa. Nilipojaribu kuomba radhi akasema, "Njia ya kuja huku haijawahi kuota miti."

Nikamweleza yote, somo na meza na miwani ya Pasaka. Nikamwambia ulimsikia siku ile. Nilitaka alijue hilo hata kama angenifukuza: ulimsikia, na ulikataa kugeuka kwa sababu ungegeuka usingeondoka, na uliogopa chumvi. Kabula haendi sana kanisani. Habari ya Lutu alikuwa hajawahi kuisikia yote. Akaniuliza, "Nguzo nzima ya chumvi? Na ng'ombe wa huko walifanyaje?" Nikasema haikuandikwa. Akawatazama wa kwake, wanalamba mikono yake mpaka kwenye viwiko. "Basi walimwendea," akasema. "Hakubaki peke yake."

Tukacheka, mayu. Tulicheka sana pale kizizini, mpaka mumewe akachungulia kuona kuna nini. Halafu Kabula akaniambia lile ambalo nimekuwa nikizunguka karatasi hii nzima nisiliandike.

Hakuwa analia achukuliwe. Wewe na mimi tuliibeba sauti ile miaka yote tukidhani ni kilio, na hakikuwa kilio. Yeye alijua tunakwenda mnadani kama tulivyosema. Aliona nimeondoka sijanywa kitu asubuhi, akakimbia na kibuyu cha maziwa. Ndiyo maana aliita. Lori likaondoka, akadhani hatukusikia kwa sababu ya injini, akarudi nyumbani. Jioni akakibeba tena kile kibuyu mpaka barabarani, akijua tutarudi na njaa.

Ungegeuka, mayu, angekupa maziwa, akarudi zake kwa bibi anaruka. Ungeuona uso wake. Labda usingepanda lori, sijui, na labda mimi ningekulia chini ya fimbo ile, wala sisahau kwamba ulinitoa motoni. Nashukuru. Vidole vyangu vinashukuru. Lakini ulipewa uso wa mtoto uende nao, ukauacha njiani.

Nilimwomba aje siku ya kuweka msalaba kaburini kwako. Akasema, "Nitakuja. Sijasema nimesamehe. Nitakuja nione." Akaja Jumamosi na basi la asubuhi, amebeba kibuyu. Akina mama waliimba, mwinjilisti akaomba, msalaba ukasimama. Watu walipoanza kutawanyika, Kabula akainama akakumiminia maziwa pale miguuni. Najua wapo walionuna, na wewe ungekuwa wa kwanza. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Alisema kitu kwa sauti ndogo, na sikumwuliza alisema nini.

Unakumbuka, hapana, huwezi kukumbuka: siku ya kukuzika, mabibi walituagiza tukitoka makaburini tusitazame nyuma. Nilitii. Nilitoka pale kama askari. Jumamosi tulitoka wawili, tumeshikana mikono, tukafika getini Kabula akasimama akaanza kugeuka. Mayu, nilimbana vidole. Mkono wangu ulifanya wenyewe, kwa nguvu zako zilezile. Akautazama mkono, akanitazama mimi, hakuutoa. Ndipo nikalegeza, nikageuka naye.

Msalaba umeinama kidogo upande wa kushoto, nitamwita fundi. Kulikuwa na mbuzi anatafuna maua ya kwenye shada. Maziwa yalikuwa bado hayajakauka. Tulitazama mpaka tukatosheka, kisha tukaenda kupanda bodaboda, na njiani Kabula akalia begani kwangu mpaka dereva akapunguza mwendo.

Jumapili nitasimama mbele ya akina mama wako. Sitagonga meza. Nitawasomea mstari wenyewe, na nitawaambia sijui kwa nini Mungu alimfanyia vile yule mwanamke. Wakinikasirikia, wanikasirikie. Siwezi kumsaidia Mungu kwa kumtungia mtu dhambi ambayo haikuandikwa. Halafu nitawaambia habari ya mama mwingine, ambaye hakugeuka, akafika salama, akauza mchele na kusomesha mtoto, na hakuna aliyemwona kwamba amekauka. Jina sitalitaja. Watalijua tu, Bariadi si kubwa kiasi hicho.

Kabula amesema atakuja na wanawe wakivuna pamba. Wa mwisho ni msichana, na anaitwa kwa jina lako. Alimpa jina hilo wewe ukiwa bado hai, huku huna habari.

Lala, mayu. Nakuahidi hili moja: kila nitakapokuja kukuona, nikifika getini nitageuka. Na wewe huko uliko, ukisikia Kabula anakuita, geuka.

Mwanao,
Limi