Kwa Odilia, Aliyeuliza Nani Anaunguza Ufuta

Mwaka umetimia, mke wangu Odilia, tangu tulipokutoa kwenye mfereji wa mpunga tukakulaza hapa Tindiga, mbali na kwetu Mikumi. Tangazo hili la gazeti naandika kwa mkono wangu. Herufi hizi ulinifundisha wewe, ulipokuwa ukirudi kutoka kisomo cha watu wazima na kuandika jina langu ukutani kwa mkaa.

"Lupakisyo, soma."

"Sijavaa miwani."

"Miwani gani? Huna miwani wewe!"

Ulikuwa mtu wa kukaanga ufuta. Watoto wa majirani waliujua mlio wako: unagonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa kikaango, halafu unaepua. Wakisikia ko, ko, wameshafika mlangoni, viganja wazi. Hukumrudisha hata mmoja, hata wale ambao mama zao walitusengenya.

Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilitukuta na mahindi shambani. Tulishushwa kwenye lori porini, mvua inanyesha, nyumba hakuna. Siku ya tatu ukashikwa na homa, shingo ikakauka kama mti, ukawa hunijui. Nilimwomba mkubwa wa msafara gari tukuwahishe Kilosa. Akasema, "Gari hili ni la kuleta watu, si la kurudisha." Jina lake silitaji. Mwenyewe anajijua, na gazeti anasoma.

Ulipona, tukamshukuru Mungu. Mwezi haujaisha, unachambua mboga, ukainua kichwa ukauliza, "Nani anaunguza ufuta?" Hapakuwa na aliyewasha moto. Kisha ukaanguka.

Basi ikawa hivyo. Swali kwanza, kuanguka baadaye. Mwanzoni jirani yetu Filomena alikutania, "Shoga, leo pua yako iko jikoni kwa nani?" Baadaye hata yeye aliacha. Watu wakilisikia swali lile walifunika vyungu, wakaita watoto ndani. Wapo waliosema ufuta ule unakaangwa na wasioonekana.

Mimi niliona jambo. Hukuanguka ovyo. Ukiwa mzima, miezi miwili inapita salama. Ukipata malaria, au jipu, au kidonda kikivimba, ndipo harufu inakuja. Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji, akanicheka: "Mkata mkonge siku hizi umekuwa daktari?"

Jino lako lilipovimba, shavu likang'aa, nilimwomba ruhusa nikupeleke hospitali. "Jino si ugonjwa," akasema. "Kesho ni shamba la kijiji, wote." Wewe ukapangwa mferejini na jembe, mimi nikapangwa kule mbali kukata nguzo. Wanasema uliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani anaunguza ufuta?" Watu arobaini wakarudi nyuma. Ukaangukia uso. Mwenyekiti akapiga kelele, "Msimguse! Povu linaambukiza!"

Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, Odilia. Kifundo tu.

Baada ya mazishi nilikwenda Kilosa nikamweleza mganga mmoja mzee wa hospitali. Huyo hakunicheka. Alisema homa ile ya mvuani ilivimbisha ubongo ukawaka ndani, ukabaki na kovu. Mwili ukivimba popote na kupata moto, moto ule unafika kwenye kovu, nalo linaamka. Hata harufu ilitoka humo humo kichwani. Na povu halimwambukizi mtu. Angetokea mmoja wa kukugeuza tu, ungepumua. Kukugeuza tu.

Sasa nina neno na wewe. Wiki iliyopita binti yetu Lea alivimba sikio, akawaka homa. Unakumbuka, naye alilowa mvua ile ile, akaugua siku mbili, tukasahau. Mchana kweupe, jua kali, akainuka kwenye mkeka.

"Baba, nani anaunguza ufuta?"

Ufuta sijapanda tangu uondoke. Kikaango chako nilikifudikiza juu ya kaburi lako, kipo hapo hapo. Lakini, mke wangu, hata mimi niliisikia ile harufu. Nikangoja kusikia mwiko. Haukugongwa.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga yako, nikapanda baiskeli mpaka Kilosa. Walimchoma sindano, usaha ukatoka, homa ikashuka. Hakuanguka. Ila mpaka leo, kila akiinua pua hivi, nakimbilia kumshika.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Lupakisyo, mwanao Lea, mama yako Hildegarda, dada yako Magreti aliyeko Mikumi, na Filomena, ambaye hapiti tena njia ya mfereji. Walioamuru usiguswe nao wakukumbuke, wakiweza.

Siku zote utakuwa mdomoni mwetu, na Lea nitamtunza. Lakini kama ni wewe unayekaanga huko, Odilia, nakuomba, gonga mwiko mara mbili, uepue.