Mshono wa Namba Tisa

Jumamosi, 4 Oktoba

Wameondoka! Mashua ishirini na mbili, kila moja mtu mmoja. Wanaizunguka dunia nzima bila kutia nanga popote, bila kusaidiwa na yeyote. Daktari wa meno ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Alileta tanga la kimashua chake cha ziwani nilishone, akakaa kungoja, akanionyesha mashindano kwenye simu yake, kisha akayaweka kwenye yangu. Leo karakana nzima – yaani mimi na Shemeji – tumeacha maturubai ya malori tukainamia kioo cha simu.

Shemeji kauliza: miezi minne peke yake majini? Huyo si mshindani, huyo kakimbia ndoa.

Nimeshachagua wangu. Namba Tisa. Msichana, hata thelathini hajafika. Daktari anasema mashua yake ni kuukuu na uzoefu wake mdogo kuliko wote. Sikumchagua kwa hayo. Amefunga nywele kwa ukanda wa turubai. Sindano wangu alikuwa akifunga vilevile.

Basi. Nimeandika, na hakuna anayesoma.

Jumanne, 7 Oktoba

Kidoti cha njano kwenye ramani ya simu ndiye yeye. Husogea mara moja kila saa nne. Ukikikodolea macho hakiendi! Wa kumi na saba. Nimeharibu pindo la turubai kwa kuchungulia simu. Nimelifumua kabla Shemeji hajaliona.

Jumapili, 19 Oktoba

Huko aliko upepo umekufa. Kidoti kimesimama tangu jana. Nami nimesimama humu ndani. Nimefagia chumba cha Sindano, ambacho hakina wa kukichafua. Kitanda, kioo, kastabini yake kwenye dirisha.

Sindano ni binti yangu. Jina la utani nilimpa mimi, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, nikamlea karakanani, chini ya meza ya kukatia, katikati ya mabaki. Sasa ni miaka miwili na miezi mitatu sijaisikia sauti yake.

Sheria ya karakana niliirithi kwa fundi aliyenifunza: mshono mbaya haulali. Ukiuona unaufumua hapohapo, uwe wa nani, awepo nani. Siku ile lilikuwa hema lake la kwanza kulishona peke yake. Mteja amekuja kulichukua, wanacheka wote wawili. Nikaona pindo la paa. Limetazama juu badala ya chini, litakinga maji ya mvua kama mfuko. Nikachukua kiwembe, nikafumua mita nne mbele ya mteja. Sindano alivua kastabini kidoleni, akaiweka juu ya meza polepole. Kesho yake chumba kitupu.

Shemeji ni mjomba wake, huongea naye. Nikimuuliza hunijibu neno moja: mzima. Najua tu kwamba yuko mji mwingine na ana karakana yake. Anashona mahema. Nina hamu naye mpaka mbavu zinaniuma.

Ijumaa, 14 Novemba

Bahari za kusini. Baridi, kwenye video zake akiongea anatoa moshi mdomoni. Analala nusu saa, anaamka, analala nusu saa. Chakula chake ni unga wa kukorogea maji moto. Lugha yake siijui, kwa hiyo Daktari anapopita hunitafsiria. Leo kasema amechoka kuisikia sauti yake mwenyewe. Halafu Daktari akaongeza, yake, kwamba msichana ana meno mazuri sana. Kila mtu na kazi yake.

Lakini ni wa kumi na mbili! Kawapita watano! Nimemtengenezea Shemeji chai kwa mkono wangu. Kauliza nani kafa.

Nimejikuta nikiiambia simu, "Pole, mama. Vumilia." Shemeji alisikia. Alijifanya anatafuta mkasi.

Jumatano, 26 Novemba

Tanga kubwa limepasuka. Nimeiona video asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha la karakana. Ameliteremsha, amelitandaza ndani ya kile chumba chake kama choo, amelikalia na analishona. Mikono imevimba, vidole vimechanika. Mashua inamrusha huku na huku. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Kisha nikaacha kulia, maana niliuona mshono. Yesu na Maria! Mstari mmoja ulionyooka. Matundu yamebanana. Uzi mkavu, haukupakwa nta. Mshono wa namna hiyo ni kuuonyesha upepo pa kuchania. Nikamwambia Shemeji: haufiki siku kumi. Akasema, na wewe utafanyaje, uogelee?

Nikafanya. Nimechora mshono kwa chaki juu ya kipande cha turubai jeusi: zigizaga, kwenda na kurudi, matundu yaachane upana wa kidole, uzi upakwe nta mara mbili, kiraka kipite pande zote mbili. Nikapiga picha. Nikaiweka chini ya video yake pamoja na maelezo. Niliandika kwa lugha yangu, simu ikatafsiri, na Mungu ndiye ajuaye ilisema nini. Nilipomaliza mikono ilikuwa myepesi. Ni zamani sijamfundisha mtu.

Alhamisi, 27 Novemba

Watu mia nane wameipenda picha yangu! Mia nane! Mmoja kaniita bingwa. Shemeji akaniita Bingwa siku nzima: Bingwa, nipe mkasi, Bingwa, umeacha pasi.

Saa tisa akaingia Daktari, koti jeupe la kazini bado liko mwilini. Hakusalimia. Kasema, "Mzee wangu, umefanya nini?" Nikamwambia nimesaidia. Akasema ndiyo hiyo, umesaidia! Huyu yuko peke yake kwa mujibu wa sheria. Na msaada ni pamoja na maneno. Akipokea ushauri wa kutengeneza chochote kutoka nchi kavu, anatolewa. Na ujumbe chini ya video yake anaweza kuusoma hukohuko baharini.

Nikasema basi asiufuate. Daktari akaketi juu ya robota la maturubai. Akaeleza taratibu, kama anavyomweleza mtu kwamba jino halitoki salama. Hata kama alikuwa anajua mwenyewe, kuanzia jana akishona zigizaga wataandika kwamba ni mshono wangu. Nimemfungia njia nzuri. Imebaki mbaya.

Nimeifuta. Lakini watu walishaisambaza. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema – wangu umeponza kichwa cha mtu mwingine.

Jumamosi, 29 Novemba

Waamuzi wamemuuliza. Leo kawajibu kwa video, na Daktari alikuja kunitafsiria, ingawa alikuwa na wagonjwa wanaongoja na mashavu yao.

Kasema ameiona picha. Kasema ule ulikuwa mshono wa haraka tu, wa kushikilia. Alipanga bahari ikitulia aushone upya, kwenda na kurudi, kama alivyofundishwa na shangazi yake. Sasa hataugusa. Utabaki ulivyo, na atalikunja tanga nusu lisivutwe sana. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Mwishoni akatabasamu kidogo, akasema huyo fundi aliyechora anaijua kazi. "Lakini nilitaka iwe yangu."

Alijua! Alikuwa anajua tangu mwanzo!

Daktari akaondoka. Shemeji akaendelea kupiga vipete vya chuma kwenye pembe za turubai, kimoja, kingine, kingine. Halafu bila kuniangalia: "Na yule wako, shemeji yangu, siku ile unajua alipanga nini? Alishaliona pindo. Alikuwa anamchekesha mteja makusudi, amnyweshe chai, aende zake, arudi jioni akute limegeuzwa. Aliniambia kabla hujaingia."

Nikamuuliza mbona miaka miwili hukuniambia. Akasema hukuwahi kuuliza lolote ila kama ni mzima.

Sikushona tena leo.

Alhamisi, 18 Desemba

Wa kumi na tisa. Tanga nusu, mwendo nusu. Wanampita mmoja mmoja. Watatu wameshajitoa kwa kuvunjika milingoti, kwa hiyo wa kumi na tisa ndiye wa mwisho. Ni mimi niliyemfanya wa mwisho. Siku ishirini na mbili na mshono haujaachia.

Karakana ina kazi nyingi. Nimeona mshono mbaya wa Shemeji kwenye turubai la shule. Nikashika kiwembe. Nikakirudisha. Baada ya robo saa akaufumua mwenyewe huku akiimba. Robo saa ndefu kuliko zote maishani mwangu.

Jumatatu, 12 Januari

Amepita rasi ya mwisho, anapanda kuja nyumbani! Video yake ni ya sekunde kumi: kicheko, mvua, na nyuma yake tanga. Nimeisimamisha na kuivuta karibu. Mshono uleule. Mstari ulionyooka, matundu yamebanana, uzi mkavu. Siku arobaini na saba. Ningeapa haufiki kumi – na niliapa, Shemeji shahidi.

Miaka thelathini na minne kwenye turubai na nilikosea. Au sikukosea, ila yeye anajua namna ya kuutunza mshono mbaya, kuupunguzia upepo, kuamka kila nusu saa kuupapasa. Hilo sikulichora mimi.

Jumanne, 20 Januari

Shemeji kamsimulia Sindano mkasa wote. Picha, waamuzi, kila kitu. Nikataka kumpasua. Nikamuuliza: akasemaje? Akasema alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Baba! Mpaka baharini!"

Nikamuuliza bado anacheka vile, anaanza kimya mabega yakitikisika halafu sauti inafuata? Shemeji akasema ndivyo. Akasema lakini namba yake unayo, shemeji, haijabadilika. Ninayo. Vidole ndivyo vizito.

Jumapili, 1 Februari

Siku ya mia na ishirini. Leo anafika! Wenzake wote wameshafika, wengine wiki tatu nyuma, na bado watu wamejaa gatini kumngoja wa mwisho. Shemeji kaja na viti. Daktari kaja na darubini, sijui ataangalia nini kwenye simu kwa darubini. Saa nne asubuhi zimebaki maili kumi na tisa. Upepo ukafa. Maili kumi na tisa, na kidoti kimeganda.

Saa tano kasoro simu ikalia. Nikadhani ni habari za mashindano. Ni Sindano.

Kaniandikia mimi, si mjomba wake. Mimi.

Hakuna salamu. Picha. Hema kubwa la kijani, la watu mia mbili, limesimamishwa uwanjani, na yeye kando amefunga nywele kwa ukanda wa turubai. Amenenepa kidogo. Ana miwani! Nani kampimia macho? Sikuwapo. Nimemwangalia yeye kwanza, naapa, nimemwangalia yeye mpaka macho yakajaa. Kisha jicho langu la laana likapanda kwenye paa.

Pindo linatazama juu.

Upande wote wa kushoto, mita kumi na mbili. Pindo lilelile. Mawingu nyuma ya hema ni meusi.

Nimeandika: "Mwanangu, hilo pindo." Nikafuta. Nimeandika: "Zuri sana." Nikafuta, uongo ataunusa kutoka hukohuko. Alama mbili za buluu zimeshatoka, anajua nimeona. Shemeji anauliza ni nani, mbona nafuta macho. Nimemwambia upepo. Akasema upepo gani, umekufa. Nimechukua daftari hili ili niandike humu nisiandike kule: linatazama juu, Sindano, linatazama juu, ligeuze kabla ya mvua, shika kiwembe.

Nimeshaandika. Jicho halijatulia.

Pengine ameshaliona. Pengine ana mpango wake wa jioni. Pengine kuna mfereji kwa ndani nisiouona mimi, mbinu mpya. Mshono wa Namba Tisa ulidumu siku sitini na saba. Sijui tena ninachokijua. Na pengine hajaliona, na watu mia mbili watalowa, na jina litakaloharibika ni lake.

Daktari anapiga kelele, kidoti kimesogea! Maili kumi na nane! Wamekumbatiana na Shemeji. Mimi sijainuka.

Juu ya kioo: anaandika. Imekatika. Anaandika tena. Nimekalia mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kalamu.

Ujumbe umeingia. "Baba, unalionaje? Sema kweli."

Kauliza. Yeye mwenyewe kauliza. Shemeji ananiita, njoo uone, tanga limejaa, limefunguliwa lote, lote na mshono wake! Nimeshika simu. Nimeandika "Mwanangu", na hilo sijalifuta. Sasa neno la pili –