Dakika Tatu Dirishani kwa Mama Kadzo

Ijumaa, Garsen. Jua kali, upepo wa vumbi, na umeme umepotea mara mbili kabla ya saa nne.

Kwa niaba ya familia nzima ya kitengo cha kompyuta, yaani mimi peke yangu, nasikitika kuutangazia umma wa Garsen na viunga vyake vyote, kuanzia Idsowe hadi Ngao, kwamba kipanya cha mezani kwangu kimeaga dunia leo asubuhi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kilianza kwa kubonyeza mara mbili pale nilipobonyeza mara moja. Kikawa kinaganda. Leo taa yake nyekundu imezimika moja kwa moja. Kimeacha mjane mmoja, kibodi. Mazishi yatafanyika kwenye droo ya chini. Wageni wa mbali wasijisumbue kusafiri.

Nimeandika hayo nikidhani nitacheka.

Sikucheka. Wala sina huzuni, kusema kweli. Niko tu. Ni kama mtu anayeamka akakuta ameulalia mkono wake, anaushika kwa mkono wa pili na kuona kama anashika mkono wa mtu mwingine.

Basi niandike, labda damu itarudi.

Kwa yeyote aliyeangukia blogu hii kwa bahati mbaya: mimi ni mzaliwa wa Ngao, umri umevuka hamsini, kitambi kimetangulia, na kazi yangu ni kutunza kompyuta kumi na nne za ofisi moja ya mradi hapa Garsen. Ofisi yenyewe sitaitaja. Tunaandikisha wafugaji wanaotaka mifugo yao ichanjwe na wakulima wa kando ya mto wanaotaka mbegu. Watu wanakuja dirishani, wanajieleza, karani anaandika. Mimi sionani na wakulima wala wafugaji. Nakaa kwenye chumba cha nyuma chenye feni, ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawa, na mpaka leo kinanuka dawa ya kupe.

Mwaka huu nilipelekwa mafunzo Malindi. Siku tatu, chai na mandazi, na mkufunzi kijana mwenye miwani aliyetuambia kwamba siku hizi msimamizi wa kompyuta hasimamii mashine, anasimamia watu wanaozitumia. Anza na mtumiaji, alisema. Kaa naye, mtazame anavyofanya kazi, ndipo uamue kompyuta yake iweje. Niliandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari. Mistari miwili, na kalamu nyekundu.

Nikarudi Garsen, nikajifungia stoo na feni yangu, nikaamua kompyuta ziweje.

Tulipewa programu mpya. Nikiwa nimekaa pale pale naziona mashine zote kumi na nne: nani ameingia, nani anaandika, nani amelala. Naweza kuziamrisha zote kwa kubonyeza mara moja. Jamani, mwanamume wa makamo asipewe uwezo wa namna hiyo baada ya kushiba wali. Niliamuru kila skrini ijifunge yenyewe ikikaa dakika tatu bila kuguswa, ili siri za watu zisichunguliwe. Niliamuru anayekosea nywila mara tano, hiyo ambayo ofisini kila mtu anaiita paswadi, afungiwe nje mpaka nimfungulie mimi. Na kwa kuwa nilichoka kuitwaitwa kwenye korido, niliamuru anayetaka msaada asije mlangoni. Ajaze fomu kwenye kompyuta.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mtu aliyefungiwa nje ya kompyuta ajaze fomu, kwenye kompyuta, kwamba amefungiwa nje ya kompyuta. Nilikaa na amri hiyo miezi mitatu bila kuona kasoro yake. Tena nilijisifu kwamba malalamiko yamepungua.

Baada ya miezi mitatu programu ikatoa ripoti, nzuri, ya rangi. Watumiaji wa kijani ni wachapakazi, wa manjano ni hivi hivi, wekundu hawatumii mashine. Kijani iliyokolea kuliko zote ilikuwa ya Barisa, kijana wetu wa chanjo. Nyekundu ilikuwa moja tu, ya Mama Kadzo.

Niliichapisha, nikatia sahihi, nikampelekea Meneja.

Mama Kadzo ni karani wa dirishani. Ni Mgiriama wa Idsowe, wazazi wake walihamia huku kulima. Amekaa kwenye dirisha lile tangu kabla sijaajiriwa. Ana shamba la mahindi na pojo analolima maji ya mto yakishuka, na ana mama yake mzazi ambaye haoni tena, anayelishwa, kuogeshwa na kutolewa nje apate hewa na Mama Kadzo mwenyewe kabla ya kazi na baada ya kazi. Hana mtu mwingine wa kumsaidia.

Wiki iliyofuata makao makuu yakataka karani mmoja aende akakae Bangale, kwenye ofisi ndogo ya wafugaji. Bangale ni huko juu kabisa, unapita Hola, unapita Bura, na bado hujafika. Meneja akaitazama ripoti yangu, akachagua mtu ambaye akiondoka Garsen kazi haitatetereka. Barua ikatoka: Mama Kadzo aripoti Bangale Jumatatu ijayo.

Jumanne ya wiki hii nilikwenda kunakili faili zake kwenye flashi ahame nazo. Hiyo ndiyo iliyonipeleka mezani kwake. Miaka sita kwenye jengo moja, na sikuwahi kukaa pale.

"Leo umepotea njia, Bwana Mitambo?"

"Nimekuja kuchukua faili zako, mama."

"Karibu. Vuta kiti cha wageni. Na usiguse chai yangu, naona unavyoitazama."

Nikaifungua kompyuta kwa paswadi yangu, nikachomeka flashi. Kabla haijaanza kusoma, mzee mmoja Muorma akaegemea dirisha na fimbo yake. Mzee Guyo, niliambiwa baadaye, ametoka malishoni tangu alfajiri.

"Mama, nagaa?"

"Nagaa, mzee. Nyumbani nagaa?"

Nyumbani kulikuwa na amani. Akauliza watoto. Akauliza mama mgonjwa. Mama Kadzo akauliza ng'ombe, akauliza nyasi, akauliza maji, akauliza yule fahali wa mguu. Fahali amepata nafuu. Mzee naye akaanza upande wake, mvua ya Idsowe, mahindi, viboko kama bado wanaingia shambani. Hakuna aliyekuwa na haraka, na hakuna aliyeruka hatua. Mimi, kwa tabia mbaya ya kazi, nikatazama saa ya simu.

Walikuwa bado kwenye viboko skrini ilipozima.

Mama Kadzo hata hakugeuka. Mkono wake uliingia droo, ukatoka na daftari kubwa lenye jalada gumu, na kalamu ikiwa ndani.

"Mama, hii tivii yako nalala tena?" akauliza Mzee Guyo.

"Imelala, mzee. Ina usingizi kama bwana huyu hapa anayeitunza. Haya, niambie. Ng'ombe wangapi wa kuchanja?"

Mzee akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, naye Mama Kadzo akaandika.

Mzee alipoondoka nilimuuliza Mama Kadzo, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa bure, kwa nini asimwombe mzee asubiri kidogo, aandike paswadi, ndipo waendelee.

Aliniangalia kama anayemwona mtu aliyekojoa kanisani.

"Baba, mzee ametembea kutoka alfajiri. Ananiuliza mama yangu ameamkaje. Nimwambie nyamaza kwanza, naongea na mashine?"

Mimi ni mtoto wa Ngao. Nyumbani kwetu mtu akipita kwa mama yangu na salamu ya nusu nusu, jioni mama anatuma mtu kuuliza kuna ugomvi gani. Hakuna mkufunzi wa Malindi aliyehitajika kunifundisha kwamba hapa salamu inazidi dakika tatu. Nilijua. Nilikuwa sijakumbuka tu kwamba kompyuta zangu ziko hapa.

Akanieleza yaliyobaki huku akimenya chungwa. Mwanzoni alikuwa anaandika paswadi kila mgeni anapokuja, kwa haraka, anakosea. Mara tano, anafungiwa. Alikuja mlangoni kwangu mara mbili, akakuta karatasi niliyobandika: maombi yote yapitie fomu. Akaona haya kugonga. Basi akawa anaandika daftarini mchana kutwa, na saa za chakula, watu wakiwa hawapo dirishani, anahamia meza ya Barisa na kuingiza kila kitu kwa jina la Barisa.

"Barisa anajua?"

"Ndiye aliyenipa paswadi. Yeye yuko porini na sindano zake, kompyuta ataitumia lini? Akirudi jioni ni kuoga tu na kulala."

Nikakumbuka siku ripoti ilipotoka. Meneja alimpongeza Barisa mbele ya watu wote, tukampigia makofi. Barisa alijitazama viatu, vimejaa kinyesi cha ng'ombe, akasema, "Mimi? Kwa kompyuta?" Tulidhani ni unyenyekevu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza Mama Kadzo. "Ulipopewa barua, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba naiba paswadi ya mtu? Wangenifukuza kabisa. Bangale angalau ni kazi." Akanipa nusu ya chungwa. "Lakini wewe ni mtu wa hizi mashine. Wewe ukisema watakusikia. Mama yangu hawezi safari ile, baba. Na nikimwacha, hajui hata kikombe kiko wapi."

Jumatano nilikwenda kwa Meneja. Nikamweleza. Akasema barua zimeshafika makao makuu.

Jana Mama Kadzo alipeleka magodoro kwa jirani atakayekaa na mama yake. Jirani mwenyewe ana watoto wanne na mguu mbovu. Leo saa mbili asubuhi gari limeondoka.

Nilifikiri ningeishia hapo. Ni maandishi ya kutosha kwa siku ya vumbi, na mimi natoka vizuri tu: mtu aliyekosea kidogo, akagundua, akajaribu. Nimeisoma mara mbili. Kuna neno moja pale juu ambalo si kweli, nalo ni "nikamweleza."

Ilikuwa hivi.

Niliingia kwa Meneja na kusema ripoti ile ina hitilafu, kwamba kazi ya Mama Kadzo imeingia kwa jina la mtu mwingine. Meneja si mtu mbaya. Aliweka kalamu chini, akaniuliza swali moja la maana: "Ni mfumo umekosea, au kuna mtu amekosea? Kwa sababu kama ni mtu, aniandikie na kutia sahihi, nitairudisha barua leo leo. Kama ni mfumo, sina pa kushika."

Swali lilikuwa rahisi. Jibu lilikuwa na jina, na jina hilo, langu mwenyewe, nimeliandika kwenye fomu maelfu ya mara bila taabu.

Nikasema, "Ni mfumo tu, bosi."

Akasema pole, tutaangalia kwa watakaohamishwa baadaye. Nikasema asante. Nikarudi stoo, nikawasha feni. Hapo ndipo ganzi ilipoanza, kama unataka kujua saa.

Na dakika tatu hazikutoka makao makuu. Mwongozo wao uliniachia nichague, kuanzia tatu hadi thelathini, kulingana na kazi ya kila meza. Nilichagua tatu kwa meza zote kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha na chakula kilikuwa kinapoa. Hakuna niliyemuuliza. Meza ya Mama Kadzo ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu.

Jana jioni alinisubiri langoni, begi begani.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia yote, mama."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi umefanya yako. Asante, baba. Wengine wasingejisumbua." Alinipa mfuko wa pojo, kilo mbili hivi, za shamba lake. Niliupokea.

Mchana huu nimekaa na kibodi peke yake na kumwandikia Meneja: "Ripoti niliyoitia sahihi si sahihi. Kosa si la mfumo. Mimi ndiye niliyeweka muda wa kufunga skrini bila kuwauliza watumiaji, mimi ndiye niliyefunga njia ya kuomba msaada, na Jumatano nilikudanganya. Kazi iliyo kwa jina la Barisa ni ya Mama Kadzo; daftari lake lipo, tarehe kwa tarehe. Barisa hana kosa. Tafadhali rudisha barua ya uhamisho." Chini nimeandika jina langu kamili.

Nimeituma saa tisa na dakika kumi. Nilitazamia nitahisi kitu, hofu hata, maana huenda ni kazi yangu hiyo imekwenda. Hakuna. Nimefungua skrini zote ziwe dakika thelathini, nimekwenda kung'oa karatasi ya mlangoni, gundi imebaki.

Meneja hajajibu. Ameshatoka, mlinzi anasema, na wikendi hasomi barua. Nimempigia Mama Kadzo mara tatu. Wako barabarani mahali hakuna mtandao.

Nitampigia tena. Kufikia sasa watakuwa wamepita Bura, na yeye bado anaamini nilimtetea.